Saa ya Bosi, Miguu ya Beki Tatu

Kuna dada mmoja hapa Dar, jina kapuni, ambaye mwaka 2024 kama ulikuwa unafuatilia kurasa za mazoezi basi lazima alikupitia kwenye simu. Si staa wa filamu wala wa bongo fleva. Ni mfanyakazi wa kawaida kwenye kampuni moja ya kusambaza bidhaa, yuko upande wa mauzo, miaka ishirini na nane, ameolewa, anakaa Tabata. Kilichompa jina ni kukimbia. Siku za kazi saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani, Jumamosi yuko na klabu yake ya jogging mpaka Daraja la Tanzanite, na picha ya jua linachomoza baharini haikosekani. Wafuasi wake walikuwa wanakaribia elfu thelathini.

Mwezi wa kwanza mwaka huo kampuni yake ikaleta mpango mpya wa bima ya afya. Bima ilikuwa ya kampuni binafsi, na mchango waligawana, nusu mwajiri, nusu mfanyakazi. Sehemu ya mfanyakazi ilikuwa elfu sitini kwa mwezi. Kipya kilikuwa hiki: kila mtu anapakua aplikesheni, anaiunganisha na simu au saa janja, na aplikesheni inahesabu hatua. Ukipiga wastani wa hatua 10,000 kwa siku unakuwa kijani, unapunguziwa elfu tisa. Ukiwa katikati unakuwa njano, unalipa kama kawaida. Ukilala unakuwa nyekundu, unaongezewa elfu tisa.

Yeye siku ya kwanza tu alikuwa kijani. Akaposti skrinshoti. Wiki iliyofuata akaposti kile kipande cha video ambacho ndicho kilichowasha moto, amesimama darajani, jasho linamtoka, akauliza: "Kwa nini mimi ninayeamka saa kumi na moja nikakimbia, nilipe bima sawa na mtu anayekula zege saa sita usiku?"

Zege, kwa mlioko mbali, ni chipsi mayai. Na hapo ndipo watu wakagawanyika.

Tuseme ukweli, swali lake lina kichwa na miguu. Bima ni chungu kimoja, wote mnatia, anayeugua anachota. Anayejitunza ana haki ya kuuliza kwa nini atie sawa na asiyejitunza. Kwenye gari mbona tunakubali? Dereva asiyegonga hovyo kuna kampuni zinampunguzia, na hakuna anayelia kwamba ameonewa. Halafu kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini hawapendi kuambiwa: vijana wengi wenye afya zao hawakati bima kabisa. Mtu ana miaka ishirini na tano, hajaumwa tangu sekondari, anaona bima ni hela ya kutupa. Anakumbuka siku daktari ameshamwandikia upasuaji.

Hilo liliwahi kuua kitu kizuri hapa hapa. Kulikuwa na Toto Afya Kadi ya NHIF, mzazi analipa 50,400 kwa mwaka, mtoto anatibiwa. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi walikuwa wanawasajili zaidi watoto ambao tayari ni wagonjwa. Chungu cha wagonjwa watupu hakidumu. Kwa hiyo ukisema kijana mzima apunguziwe kidogo ili aingie kwenye chungu, hujasema ujinga. Dada wa watu hakuwa mjinga.

Ila kwenye grupu la WhatsApp la ofisi yao kulikuwa na mzee mmoja wa stoo. Wanamwita mzee lakini ana miaka arobaini na nne tu, ni zile heshima za kazini. Ana kisukari. Kila mwezi jina lake lilikuwa kwenye orodha nyekundu, na orodha ilikuwa inabandikwa hadharani eti kuhamasishana. Dada siku moja akaandika chini ya orodha, na vikatuni vya kucheka juu: "Mzee wetu tuanze taratibu, hata kuzunguka nyumba." Watu wakacheka. Mzee hakujibu.

Kumbe stooni kwao simu haziruhusiwi. Ukiingia unaiacha kwenye kabati, unaikuta jioni. Mzee alikuwa anatembea kutwa nzima kati ya mashelfu, anapanda ngazi, anasukuma toroli, na aplikesheni inamhesabia hatua za kutoka getini mpaka kwenye kabati. Siku moja kijana wa zamu, kwa utundu tu, akamfunga saa yake mkononi asubuhi. Mpaka saa sita mchana ilikuwa imeshafika hatua elfu kumi na moja na mia kadhaa. Wakapiga picha, wakamwonyesha ofisa utumishi. Akasema ni kweli inasikitisha, lakini mfumo unatambua tu kifaa kilichosajiliwa kwa jina lako. Saa janja wakati huo zile za kueleweka zilikuwa zinaanzia laki na kitu. Mzee ana watoto wanne.

Hapo sasa jiulize hiyo elfu tisa mzee aliyoongezewa kila mwezi ilikuwa adhabu ya nini. Uvivu hapana. Ya kukosa saa, labda.

Na hiyo hatua 10,000 yenyewe wala haikutoka hospitali. Ilitoka Japani miaka ya sitini, baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kuna kampuni ilitengeneza kifaa cha kuhesabu hatua ikakiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, linakaa vizuri mdomoni. Baadaye watafiti Marekani walipofuatilia wanawake wa umri mkubwa, matokeo yao ya mwaka 2019, wakakuta faida inapanda mpaka kwenye kama hatua 7,500 kwa siku halafu inatulia. Kwa hiyo kuna watu wanakatwa mishahara kwa tangazo la kifaa la miaka sitini iliyopita. Mambo ya dunia haya.

Turudi Tabata.

Mwezi wa tatu dada akagundua ni mjamzito. Furaha tupu. Akaendelea kukimbia kwa ruhusa ya daktari, baadaye akawa anatembea. Mwezi wa saba asubuhi moja akaona damu. Hospitali wakampiga ultrasaundi, wakamwambia kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Hakulitaka na wala halikuletwa na chakula. Limekaa tu pale lilipokaa. Akaambiwa aache mazoezi, asinyanyue vitu, akae karibu na hospitali, na ajiandae kwamba mtoto huenda akatoka kwa upasuaji. (Mtoto alishazaliwa, mzima, msiwe na presha. Lakini wakati huo hakuna aliyejua.)

Basi akawa analala. Na kila jioni ile saa inatetemeka mkononi: "Hujatembea vya kutosha leo! Twende!" Akajaribu kuizima hizo taarifa, akashindwa. Akampigia ofisa utumishi, akaeleza hali. Akajibiwa tutawauliza watu wa bima. Wiki ikapita. Akauliza tena, akaambiwa bado wanasubiri. Kwenye aplikesheni kulikuwa na sehemu ya kuandika uzito, urefu, usingizi na glasi za maji. Ya mimba haikuwepo.

Mwezi ukaisha akaona ameshuka njano. Hapo wala tusidanganyane kwamba ilikuwa ni hela. Elfu tisa haimfanyi mtu wa mauzo akose usingizi. Ilikuwa ni orodha. Yeye ndiye uso wa mpango, picha yake iko kwenye bango pale mapokezi, amevaa tisheti ya kijani. Na alikuwa ameandika maneno mengi kuhusu uvivu wa wenzake, kwenye grupu na kwenye ukurasa wake, maneno ambayo watu hawayasahau. Alijua akifika nyekundu kuna mtu atamwandikia ajaribu kuzunguka nyumba.

Nyumbani kwake kuna dada wa kazi. Beki tatu, kama mjini tunavyowaita, ingawa jina lenyewe lina dharau kidogo. Binti wa Singida, miaka kumi na tisa, mchapakazi, mpole, anamwita bosi wake "dada" na mume wa bosi "shemeji". Anaamka wa kwanza analala wa mwisho. Maji, sokoni, kufua, kupika, kumpeleka mtoto wa jirani shule akiombwa, kupandisha chakula chumbani kwa bosi anayeumwa.

Siku moja mwezi wa nane, dada akavua saa akamwambia: "Hebu ivae hii. Usiivue mpaka usiku, ila ukifua uitoe."

"Ya kwangu, dada?"

"Ya kuvaa tu."

Usiku binti akairudisha. Hatua 17,300. Na jogging hajawahi.

Kesho yake akavaa tena. Ikawa ndiyo desturi. Binti mwenyewe aliipenda mchezo, akawa anakuja jioni anachungulia namba: "Dada, leo imefika elfu kumi na tisa!" kama mtu aliyefaulu mtihani. Bosi naye akawa anamsifia. Jina la dada likarudi kijani, halafu likapanda mpaka likawa la kwanza kampuni nzima. Mjamzito aliyelazwa kitandani anawashinda wauzaji wanaotembea Kariakoo kutwa. Kuna wenzake walishangaa, wakaandika "mama kijacho unatisha", na yeye akajibu kwa kopa.

Usimhukumu haraka, kwa sababu si yeye peke yake mjini. Kwenye mipango ya namna hii watu wameshafanya vituko. Kuna aliyemvalisha mtoto saa wakati wa kucheza mpira. Kuna jamaa aligundua ukikaa juu ya bodaboda barabara ya vumbi na mkono unatetemeka, inahesabu. Ukiweka hela kwenye hatua, watu watatafuta hatua. Afya ni habari nyingine.

Na huko walikotangulia wenzetu ndivyo walivyokuta. Marekani kuna kampuni ya maduka ya jumla ilijaribu programu ya afya kwa wafanyakazi, watafiti wakaichunguza vizuri kabisa, matawi yaliyopata yalichaguliwa kwa bahati nasibu, wafanyakazi zaidi ya elfu thelathini kwa jumla. Baada ya miezi kumi na nane watu wa kwenye programu walisema wanafanya mazoezi zaidi. Walipopimwa presha, lehemu na uzito, hakuna tofauti ya maana. Gharama za matibabu, hakuna tofauti. Hukohuko sheria yao ya bima inaruhusu mvuta sigara atozwe hadi asilimia 50 zaidi, na waliofuatilia wakaona wavutaji wengi waliishia kukaa bila bima, na kuacha sigara hakukuongezeka. Yaani waliotaka kumrekebisha wakamtoa nje ya mlango, na sigara yake mkononi.

Afrika Kusini wamefanya ujanja mwingine. Discovery wana programu yao ya Vitality tangu 1997, ndiyo baba wa hizi zote, ukienda gym unapata pointi, ukinunua mboga na matunda supamaketi unarudishiwa sehemu ya hela. Lakini mchango wa bima ya matibabu yenyewe hawaugusi, kwa sababu sheria yao ya 1998 inasema mchango uangalie kipato chako na idadi ya wategemezi wako. Sukari yako haiwahusu. Pointi zako nenda kale smuthi nazo. Chungu cha wagonjwa kiache.

Hiyo angalau inaeleweka hata uswahilini, maana sisi bima tunayo tangu zamani, tunaiita chama cha kufa na kuzikana. Kila kaya inatoa sawa. Mtu akifiwa, mwenyekiti haulizi marehemu alikuwa anakunywa gongo au alikuwa anaswali. Sanda inanunuliwa, chakula kinapikwa. Anayeandamwa pale ni yule ambaye hatoi mchango na msibani haonekani. Huyo ndiye siku yake ikifika watu wanaangaliana. Kutokuja msibani ni uamuzi wako, kila mtu anakuona. Ini lako au kondo lako la nyuma hakuna anayejua limekaaje. Na hata zege, ukiangalia vizuri, mara nyingi ni chakula cha mtu aliyetoka kazini saa nne usiku na nyumbani hakuna mkaa. Wapo wanaokula kwa ulafi pia, wapo, tusijifanye. Ila aplikesheni haiwezi kuwatofautisha.

NHIF kwa watumishi wa serikali inafanana na hicho chama. Ni asilimia 6 ya mshahara, anachangia mtumishi na mwajiri wake. Mwalimu anayekimbia marathoni na mwalimu mwenye presha wanakatwa asilimia ileile. Dada alikuwa anaiponda sana hiyo kwenye video zake, alisema inalea uzembe.

Sasa mwezi wa kumi, siku ya Jumanne.

Dada yuko kitandani, simu mkononi, anaangalia aplikesheni kama kawaida. Saa tano asubuhi. Hatua 640. Akakunja uso. Kwa kawaida muda ule binti anakuwa ameshapita elfu saba. Wazo la kwanza lililomjia, na alikuja kulisema mwenyewe baadaye kwa watu wake wa karibu bila kujitetea, ni kwamba binti ameivua saa. Akaita kwa sauti ya ukali: "Wewe! Saa iko wapi?"

Kimya. Akaita tena. Akashuka mwenyewe taratibu, anashika ukuta, ingawa alikatazwa ngazi.

Binti alikuwa jikoni, amekaa chini, magoti kifuani, jasho linamtiririka. Saa iko mkononi. Akasema: "Samahani dada, nitamalizia jioni."

Alikuwa anaumwa tumbo tangu Jumapili. Jumatatu alikwenda duka la dawa pale barabarani akapewa vidonge vya elfu mbili mia tano, hela yake mwenyewe, akarudi akapika. Na Jumatatu hiyohiyo saa ilisoma hatua 12,000. Ziko kwenye kumbukumbu mpaka leo, kila mtu anaweza kuziona, za kijani.

Mume akaja mbio, wakaita bajaji. Dada akakatazwa kwenda, akaenda. Hospitali dirishani swali la kwanza ni lile unalolijua: "Bima au keshi?" Mkono wake ukaingia kwenye pochi wenyewe ukatoa kadi. Kadi ina picha yake, jina lake. Yule dada wa dirishani akaiangalia, akamwangalia binti, akamrudishia wala hakusema kitu.

Keshi.

Kilikuwa ni kidole tumbo, kimekaribia kupasuka. Akafanyiwa upasuaji usiku uleule. Vipimo, upasuaji, dawa, kitanda siku tatu, ikafika kama laki sita na ishirini. Mume alihangaika na simu, huyu katuma, yule katuma, kikoba kikatoa mkopo. Mama yake binti kule Singida alipopigiwa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Bosi wake amesema nitamlipa lini?" Wao nyumbani walikuwa na kadi ya CHF, ile ya 30,000 kwa kaya ya watu sita, ikaisha muda mwaka mmoja kilimo kilipogoma, hawakuhuisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote bunge lilishaipitisha tangu 2023, lakini siku ile pale dirishani haikuwa imefika bado.

Usiku ule dada alikaa akapiga hesabu. Alikuwa na muda wa kutosha wa kupiga hesabu. Tangu mwezi wa nane saa ilipoanza kuvaliwa na binti, amepunguziwa elfu tisa mara mbili. Elfu kumi na nane. Miguu iliyozitafuta hizo elfu kumi na nane haina bima. Na yule mzee wa stoo, kwa miezi tisa, ameongezewa elfu themanini na moja, na ndiye mgonjwa.

Ukimuuliza mtu yeyote wa bima atakwambia elfu themanini si kitu, ni motisha. Sawa. Ila kwa mzee ambaye dawa nyingine za sukari ananunua mfukoni kwa sababu kifurushi hakizigusi, motisha hiyo inamwambia kitu kimoja tu, kwamba akitoka wenzake watapumua.

Binti akarudi nyumbani Ijumaa. Akaambiwa asiiname, asinyanyue ndoo. Dada naye haruhusiwi kuinama wala kunyanyua ndoo. Wakawa wamekaa sebuleni wawili, mmoja kochi hili mwingine kochi lile, shemeji anapiga deki huku kavaa pensi, hajui hata dekio linakamuliwaje. Binti alicheka mpaka akashika mshono. "Shemeji, unamwaga maji tu." Saa ilikuwa mezani, imeisha chaji.

Jumatatu kwenye grupu la ofisi ofisa utumishi akaweka tangazo lenye mapambo. Mshindi wa robo ya tatu ya mwaka, mwezi wa saba mpaka wa tisa. Picha ya darajani ya zamani, tumbo halipo. Zawadi: miezi mitatu ya gym bure, matumizi yaanze kabla ya mwisho wa mwaka. Makofi, moto, makopa. "Mama kijacho anatufundisha." "Hakuna kisingizio tena jamani." Orodha nyekundu ikafuata chini yake, na jina la mzee la pili kutoka mwisho.

Dada aliangalia hiyo orodha muda mrefu. Halafu akaandika: "Naomba nisipewe. Hatua za tangu mwezi wa nane si zangu, ni za binti wa nyumbani kwangu na sasa hivi ametoka kufanyiwa operesheni ambayo hakuna bima iliyoilipa. Na mzee wetu wa stoo namuomba radhi mbele yenu."

Akatuma.

Haikufika dakika moja akaifuta. Akili ilimjia kwamba hiyo inaitwa udanganyifu wa bima, kwamba upasuaji wake mwenyewe ni mwezi ujao, na kadi wakiifunga leo mtoto atatokea wapi. Grupu likabaki na yale maandishi ya kwamba ujumbe umefutwa. Mtu akauliza "nini tena mama?" Akajibu amekosea grupu.

Dakika kumi baadaye ikaingia meseji ya pembeni, nje ya grupu. Mzee wa stoo. Ilikuwa saa saba mchana, muda wao wa kula, simu ziko nje ya kabati.

"Nimeisoma kabla hujafuta. Sijamwambia mtu. Huyo binti nyuzi anatolewa lini?"

Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Alhamisi, mzee wangu."

"Basi mwambie asikae sana kitandani, atembee kidogo kidogo ndani. Mimi ya kwangu ndivyo walivyoniambia. Na wewe usipande ngazi."